Mama Ndindi na Mwendo wa Babu Ndevu

Tarehe 31 Desemba 1998, Bi. Wayua Kyule, mkuu wa chumba cha rangi katika Studio ya Mbalamwezi, Buruburu, atastaafu baada ya kuitumikia studio hii kwa miaka ishirini na mmoja. Hafla ya kumuaga itafanyika Ijumaa tarehe 18 Desemba, saa nane mchana, katika ua wa studio. Wafanyakazi wote wanaombwa kufika kwa wakati. Mstaafu mwenyewe hajulikani kwa kuchelewa, na haitapendeza achelewe kuagwa kwa sababu yetu.

Bi. Wayua, ambaye wengi wetu humwita Mama Ndindi kwa jina la bintiye, aliajiriwa mwaka 1977. Wakati huo studio ilikuwa chumba kimoja cha kupanga Pumwani, nyuma ya kibanda cha mshona viatu. Hatukuwa na mfululizo wa watoto. Tulitengeneza filamu fupi za mafunzo: namna ya kuchemsha maji, namna ya kuchimba choo, namna ya kunyunyizia kahawa dawa. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuwapaka rangi wadudu wa kipindupindu. Aliwapaka samawati na kuwatia wekundu kidogo mashavuni. Filamu ilipokwisha kuonyeshwa, akina mama waliulizwa wamejifunza nini. Mmoja akasimama akajibu, "Tumejifunza kwamba ndani ya maji kuna watoto wazuri sana." Ofisa wa afya aliagiza wadudu wapakwe upya, wawe wabaya. Bi. Wayua aliwapaka wabaya, lakini hakuficha kwamba aliona wameonewa.

Studio ilihamia Buruburu mwaka 1984, katika nyumba tuliyomo hadi leo. Mwaka 1990 tulianza kutengeneza *Kengele wa Ploti Tisa*, mfululizo wa mbuzi mdogo anayeishi katika ploti ya wapangaji pamoja na mama yake, babu yake na kuku wa mwenye nyumba. Watoto wengi wa mitaa ya Eastlands wamekua na mbuzi huyo kila Jumamosi jioni. Wapo waliomtazama wakiwa wamekalia mapaja ya wazazi wao, na leo ni wanafunzi wa sekondari wanaoona haya kukiri kwamba bado wanamtazama.

Kwa faida ya wageni watakaosoma maelezo haya, ni vyema kueleza kazi yenyewe. Mchoraji huchora kwa wino juu ya karatasi ya plastiki angavu, ambayo sisi huiita nailoni. Chumba cha rangi huipaka mgongoni. Kisha Bwana Kim, mpigapicha wetu, huzipiga picha nailoni hizo moja baada ya nyingine, kila moja ikiwa imesogea kidogo kuliko iliyotangulia, mpaka mbuzi atembee. Filamu ikishakamilika hupelekwa kituo cha televisheni na hairudi kwetu. Nailoni nazo huoshwa. Huagizwa kutoka ng'ambo na hazipatikani kwa urahisi, kwa hiyo tangu siku za Pumwani tumekuwa tukiziosha kwa maji ya vuguvugu na sabuni, tukazianika kwenye kamba, tukazichorea tena. Picha zote za studio hii zimeishia katika beseni. Wageni wanaotutembelea huhuzunika wakielezwa hivyo. Bi. Wayua amekuwa akiwajibu kwa neno moja tu, "Chakula nacho huliwa."

Jambo jingine ni vioo. Mchoraji wa katuni hujifunza uso kwa kuutazama wake mwenyewe, na kila meza hapa ina kioo kidogo. Mwaka ule wa 1990 jirani yetu, Bi. Teresiah, aliwaona kupitia dirishani watu wazima wakijikunjia nyuso kwenye vioo, akapeleka habari katika jumuiya yao ya maombi. Alasiri moja ulikuja ujumbe wa akina mama sita, na Biblia zao, kutuombea. Wengine tulitafuta kazi za kufanya vyumba vya nyuma. Bi. Wayua aliwakaribisha, akawapikia chai, akamkalisha kila mmoja mbele ya kioo na kumwomba aonyeshe uso wa mbuzi aliyenyimwa maganda ya ndizi. Maombi yaliahirishwa. Uso alioutoa Bi. Teresiah siku hiyo ndio uso wa mama yake Kengele anapokasirika, mpaka leo. Mwenyewe anajua, na huwaonyesha wageni wake kwenye televisheni.

Katika studio hii pia kuna sharti lililowekwa na Bwana Thuo, mkurugenzi wetu: hakuna kuchora mwendo ambao haujatembewa. Mchoraji akitaka kumtembeza kuku, kwanza na atembee mtu kama kuku, hapo ukumbini, mbele ya wenzake. Wapo wafanyakazi waliowahi kuacha kazi kwa sababu ya sharti hilo. Bi. Wayua ndiye aliyepewa kumchora babu yake Kengele, Babu Ndevu, na mtu aliyetembea kwa niaba ya Babu Ndevu alikuwa mumewe, marehemu Naftaly Kyule.

Marehemu Naftaly alikuwa fundi wetu wa sauti tangu mwaka 1979, na sauti ya Babu Ndevu ilikuwa yake. Katika ujana wake aliteguka kifundo cha mguu wa kushoto akicheza mpira, na hakikupona sawasawa. Aliutupa mguu huo nje kidogo kila alipoukanyaga. Mikono aliifunga nyuma. Alikuwa akipiga hatua chache, kisha akisita na kuinua kichwa, kama mtu anayejiuliza kama amefunga mlango, kisha akiendelea. Kila alasiri saa kumi alipita kwenye chumba cha rangi akachungulia na kuuliza, "Wayua, bado hujamaliza dunia?" Naye mkewe alijibu bila kuinua macho, "Dunia haijakauka."

Naftaly aliugua kwa muda mfupi, akafariki Agosti 1994. Alizikwa kwao Mwala.

Baada ya matanga lilizuka suala la sauti ya Babu Ndevu. Walikuja wanaume watatu kujaribiwa, wote wazuri, mmoja wao mzoefu wa michezo ya redio. Bi. Wayua aliwasikiliza kutoka chumba cha rangi, mlango ukiwa wazi. Wa tatu alipomaliza, Bi. Wayua alifuta mikono kwa kitambaa, akaingia ofisini kwa Bwana Thuo. Wengi wetu tulisikia.

"Bwana Thuo, mkimpa mtu mwingine sauti, mimi sitamchora tena."

"Sasa tufanyeje, Mama Ndindi? Mhusika hawezi kukaa kimya."

"Kwa nini hawezi? Wewe babu yako alikuwa akisema nini siku nzima?"

Bwana Thuo alikubali kwamba babu yake hakuwa akisema kitu.

Basi kuanzia mwaka huo Babu Ndevu hakusema tena. Alivuka ua wa Ploti Tisa mara moja katika kila kipindi, akasita, akainua kichwa, akaendelea. Tulihofu kwamba watoto watalalamika. Siku moja waliposimama langoni kwetu, kama walivyo na mazoea, tuliwauliza wanaonaje Babu Ndevu kunyamaza. Msichana mmoja alituonea huruma. "Kwani amenyamaza?" akasema. "Si anatafuna!" Hatukuuliza tena.

Itakuwa kosa kuandika juu ya miaka ya karibuni bila kutaja mvua za El Niño. Mwishoni mwa mwaka jana rangi ilikataa kukauka. Nailoni ziligandamana, na Kengele akatoka katika kipindi kimoja akiwa na masikio manne. Bi. Wayua aliweka majiko ya makaa katika pembe za chumba, akafungua madirisha kiasi alichojua yeye, akapiga marufuku mtu yeyote kuingia na viatu vilivyolowa, mkurugenzi akiwemo. Hakuna Jumamosi hata moja tuliyoshindwa kupeleka kipindi.

Ilikuwa Februari mwaka huu, mvua zikiwa zimeisha, ndipo tulipojua jambo ambalo lilikuwa mbele ya macho yetu kwa miaka mitatu na zaidi. Bwana Kim alikuja chumba cha rangi na malalamiko. Mpigapicha ndiye anayeziona nailoni zote, na ndiye wa kwanza kujua zikizidi.

"Mathe, huyu mzee anatumalizia nailoni," alisema kwa lugha ya vijana wa mtaani kwao Jericho. "Hapo mbeleni alikuwa anavuka ua chapchap. Siku hizi nikimpiga picha nafika jioni bado hajafika kwa mlango."

"Ana miaka hamsini na minane, Kim," akajibu Bi. Wayua. "Unataka akimbie?"

Bwana Kim alicheka, na kicheko kikakatika njiani. Mbuzi katika katuni hana umri. Aliyekuwa na umri alikuwa Naftaly, ambaye alifariki akiwa na miaka hamsini na minne. Tangu mwaka huo mkewe alikuwa akimchora akizeeka. Alikuwa ameifupisha hatua kidogo, akaushusha mgongo kidogo, akauongeza muda wa kusita, kidogo kidogo, kwa kadiri alivyoona kwamba mumewe angalikuwa. Hakuwa amemwambia mtu. Bwana Kim alirudi chumba chake, na tangu siku hiyo hajalalamikia nailoni.

Kutokana na hayo, kustaafu kwake kumetuletea tatizo ambalo barua ya utumishi haikulitaja. Bi. Lydiah, aliyeteuliwa kurithi chumba cha rangi na kumchora Babu Ndevu, alijiunga nasi mwaka 1996. Ni mchoraji hodari, lakini hakuwahi kumwona Naftaly. Bi. Wayua alikuwa akimchora Babu Ndevu moja kwa moja kwa wino, bila karatasi ya penseli, na nailoni zote zilikuwa zimeoshwa. Hapakuwa na kitu cha kunakili. Bwana Thuo alipendekeza Babu Ndevu asafiri kwenda mashambani, yaishe. Bi. Wayua alikataa. "Mtoto ukimwambia mtu amesafiri, anakaa langoni akimngoja," alisema. "Mimi nimelea. Najua." Alitaka mzee huyo aendelee kutembea. Hakutaka mwendo huo ufe mara ya pili, na kwa mikono yake.

Kwa hiyo kuanzia Mei alimfundisha Bi. Lydiah. Alimweleza mguu, mikono, kichwa. Bi. Lydiah alichora, Bwana Kim akapiga picha za majaribio, tukakaa gizani kutazama. Mbuzi alitembea vizuri. Alikuwa mbuzi mgonjwa wa mguu. Kila mara Bi. Wayua alisema, "Karibu," na Bi. Lydiah, ambaye si mjinga, alijua kwamba maana yake ni bado.

Septemba Bi. Lydiah alimwomba atembee mwenyewe, kwa mujibu wa sharti la studio. Bi. Wayua alivua aproni, akafunga mikono nyuma, akatoka mlangoni mwa chumba cha rangi, akaufuata ukumbi hadi chumba cha sauti. Alitupa mguu. Alisita mbele ya kila mlango, akainua kichwa. Bwana Kim, aliyekuwa akinywa chai, alikiweka kikombe sakafuni kwa sababu meza ilikuwa mbali. Bwana Thuo alitoka ofisini kwake kuuliza ni nani aliyefika, akamwona, akarudi ndani akafunga mlango. Sisi tuliomfahamu marehemu tulikuwa tumemwona.

Bi. Lydiah aliona mjane akimwiga mumewe, akachora alichokiona. Hilo halikuwa kosa lake. Picha za majaribio zilipoonyeshwa, Bi. Wayua alikaa akizitazama hata baada ya taa kuwashwa. Hakusema "karibu." Alichukua mkoba wake akaenda nyumbani mapema, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

Jumatatu iliyofuata alifika kabla ya mlinzi kufungua lango. Bi. Lydiah alipoingia, alimkuta amekwisha kumwandalia kalamu na wino.

"Lydiah, kwenu nani akija mnamjua kabla hajabisha hodi?"

"Kwetu? Baba." Baba yake aliendesha mabasi ya mjini miaka mingi, mpaka mgongo ukamkatalia. "Alikuwa akipanda ngazi hivi, kwa upande upande, anashika ukuta. Tukimsikia tunazima redio, tunafungua vitabu."

"Alikuwa mkali?"

"Mkali wapi! Akifika mlangoni anakohoa kwanza, ndio tupate muda wa kuzima."

Bi. Wayua alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akasema, "Basi huyo. Mlete huyo Ploti Tisa."

"Lakini Mama, na yule wako?"

"Wangu nimemtembeza mimi. Wewe huwezi kumtembeza, na si haki nikudai. Ukimchora wangu utakuwa unachora maagizo. Mchore baba yako."

Bi. Lydiah alichora siku hiyo hiyo. Mbuzi alivuka ua kwa upande upande, akashika ukuta kwa kwato, akafika mlangoni, akatulia kidogo kabla ya kuingia ili walio ndani wajiweke sawa. Kilikuwa kitu kamili. Watoto watampenda. Tulipongeza, na Bi. Wayua alipongeza kuliko wote, lakini aliyemtazama vizuri aliona kwamba mikono yake, iliyokuwa magotini, ilikuwa imefungana.

Babu Ndevu wa Naftaly alivuka ua kwa mara ya mwisho katika kipindi kilichopigwa picha wiki ya kwanza ya Desemba. Bi. Wayua alimchora kwa siku tisa. Ule mwendo ni mrefu kuliko yote aliyowahi kuchora. Mzee anasita katikati ya ua, anainua kichwa, anabaki hivyo. Anapoendelea, huoni ni lini ameanza tena kwenda.

Hapa inabidi ielezwe kwa nini programu hii ya hafla haikutaja zawadi. Zawadi ilikuwapo. Wafanyakazi walikubaliana, kwa mara ya kwanza katika historia ya studio, kutoziosha nailoni hizo. Bwana Kim alipomaliza kuzipiga picha alizificha kabatini kwake, nyuma ya mikebe ya filamu, ili zitiwe katika fremu na akabidhiwe mbele ya wageni. Tulijiona werevu. Tulisahau kwamba tunamficha nailoni mtu ambaye amezihesabu kila jioni tangu mwaka 1977.

Alhamisi tarehe 10 alisimama ukumbini. "Nani amekaa na nailoni zangu?"

Bwana Kim alianza kuangalia dari.

"Wewe Kim. Una uso wa mbuzi aliyekula hati ya nyumba."

"Mathe, ziko poa tu, usijali..."

"Ziko wapi?"

Bwana Thuo akaona heri aseme. "Mama Ndindi, tulikuwa tumekuwekea. Ni zawadi yako. Ukae naye nyumbani."

Bi. Wayua aliletewa zile nailoni, akaketi nazo katika benchi ya ukumbini, akazipitia zote, moja moja, akiinua kila moja kuelekea dirishani. Hakuna aliyeondoka. Alipofika ya mwisho alizikusanya, akazisawazisha kingo kwa viganja, akasimama.

"Lydiah ana nailoni ngapi za kuanzia?"

Bi. Lydiah alijibu kwa sauti ndogo kwamba hazimtoshi, ila angeweza kusubiri mzigo wa Januari.

"Baba yako asubiri mzigo wa Januari? Na mgongo ule?"

Akaenda kwenye chumba cha kuoshea. Tulisikia maji yakimiminwa. Bi. Lydiah alimfuata kumsaidia akaambiwa akae, aziandae kamba. Bi. Wayua aliziosha peke yake, kwa sabuni ile ile, bila haraka, na maji ya beseni yakawa ya kijivu, rangi ya manyoya ya Babu Ndevu. Aliyamwaga. Alizianika. Zilipokauka alizifunga kwa uzi, akazipeleka juu ya meza ya Bi. Lydiah, akavaa koti.

Kipindi cha kwanza cha Babu Ndevu mpya kitaonyeshwa Jumamosi tarehe 2 Januari. Bi. Wayua hatakiona. Anarudi Mwala, karibu na alipozikwa mumewe, na umeme haujafika huko. Ametuambia anataka mahindi, mbaazi, na usingizi wa mchana. Alipoulizwa kama hatatamani kumwona mzee akitembea, alisema kwamba akitamani atafumba macho.

Bi. Wayua, studio hii inakushukuru kwa miaka ishirini na mmoja ya kazi safi, kwa majiko ya El Niño, kwa chai uliyowapikia waliokuja kutuombea, na kwa kutufundisha kwamba mtu anaweza kuendelea kutunzwa bila kuwekwa kabatini. Tumezoea kusikia mlango wa chumba cha rangi ukifunguliwa kabla ya saa mbili, na Januari tutausikia ukifunguliwa na mtu mwingine. Tutamsalimu kwa heshima, kama ulivyotuagiza, na kwa siku nyingi tutakuwa tukikusalimu wewe.

Mungu akupe mvua za wastani, magoti yasiyouma na majirani wa kuongea nao. Tutakuja Mwala kukusimulia vipindi. Uwe na maisha marefu na ya amani, Mama Ndindi.

E. Mbithi
Mhariri wa Miswada, kwa niaba ya wafanyakazi wote